Uji wa Watu wa Mtoni

Ghada ni Mnubi wa kaskazini ya Sudan. Ndoa ilimpeleka Mombasa, akajifunza Kiswahili kwa mawifi zake. Alipofiwa na mumewe alimfuata mwanawe Yasir hadi Ingleburn, pembezoni mwa Sydney. Mwaka juzi dada yake naye alifariki, na hapo hakubaki mtu wa kupigiana naye simu kwa Kinubi.

Mjukuu wake wa kwanza, Sabri, alipotimiza siku ya saba, Ghada alipika uji wa ngano kwa maziwa na samli. Kwao, tangu kale, mtoto wa siku saba hupelekwa mtoni. Jina lake hutajwa, nusu ya uji humiminiwa watu waishio chini ya maji ili wamlinde, na nusu huliwa na mama mzazi. Mahekalu ya miungu ya kale, Amuni na Isisi, yaligeuka magofu, makanisa yakapita, misikiti ikasimama. Uji ule ulibaki. Hata kijiji chao kilipomezwa na bwawa, wakahamishiwa mbali na Naili, bibi yake Ghada aliumimina kwenye mfereji wa mashamba.

"Mtoto asiyejulishwa kwa mto," alikuwa akisema, "huwa mgeni kila mahali."

"Mama, akika tumeshafanya," Yasir alimwambia. "Hayo mengine ni ushirikina. Mtoto hatoki."

Mkewe Sumeiya, mtoto kifuani, alijaribu kupoza mambo. "Na hao wa mto wa huku, mama, si watakuwa Wazungu? Utawaambiaje, hello mate?"

"Nitawafunza Kinubi."

Wote watatu walicheka. Kisha Yasir akarudi kwenye simu yake, naye Ghada akachukua bakuli, akatoka peke yake.

Pale Ingleburn mto Georges hutiririka kuelekea kaskazini, kama Naili. Alikuwa ameliona hilo tangu mwaka wa kwanza, ila hakuwa na wa kumwambia. Alivua viatu, akaingia maji ya vifundoni, akawasalimia wenyewe kwa Kinubi. Sauti yake ilimshtua. Ilifanana na ya dada yake.

"Nimemleta..." akaanza, akakwama. Neno la Kinubi la kusema "mjukuu" halikuja. Lililokuja lilikuwa la Kiswahili. Alijaribu tena, likaja lile lile. Zamani angempigia dada yake, naye angemcheka kwanza, "Ewe Mswahili!", ndipo amtajie. Alisubiri. Mtu mmoja alipita na mbwa wake, akampungia mkono, akaenda zake.

Mwishowe aliacha kulitafuta. Jina halihitaji tafsiri.

"Sabri wa Yasir wa Ghada!" aliita, akamimina nusu ya uji. Maji yakauchukua.

Nyumbani alimkuta Sumeiya amelala. Alilifunika bakuli kwa sahani, akaliweka kando ya kitanda. Asubuhi lilikuwa palepale, uji umeganda. Ghada aliupeleka jikoni, akaula wote akiwa amesimama, kijiko baada ya kijiko, kwa niaba ya mama mtoto. Watu wa mtoni walikuwa wameshakula fungu lao.