Mguu Nje ya Kitanda

Likizo ile mama yangu, msafishaji wa wodi hapa Kampala, alikuwa halali vizuri. Mzee mmoja alikuwa ameanguka kutoka kitandani, na mama alikuwa ameuona mguu wake ukining'inia kabla hajaanguka. Alinyamaza, kwa sababu daktari akipita wodini akiongea, msafishaji hafungui mdomo. Siri hiyo aliniambia mimi tu, mtu asiyeweza kutunza hata biskuti.

Kisha yakaja mafunzo ya kuzuia wagonjwa kuanguka, daktari, manesi na wasafishaji pamoja, katika wodi tupu. Alitakiwa mtu wa kuigiza mgonjwa. Mimi, niliyekuwa nimemfuata mama kazini, nikajitolea, nikalala kitandani na kuanza kulia kama mbuzi.

"Wewe mgonjwa, kufa polepole, tuna kazi," nesi akanikemea.

Zoezi lilikuwa jepesi: daktari aongee, mimi nishuke, na yeyote atakayeniona apige kelele. Nikatoa mguu. Manesi walikuwa wakiandika. Mama peke yake alinitazama, ameshika fagio kwa mikono miwili, mdomo ameufunga. Utani ukaniishia. Sema, mama, niliomba moyoni. Nikatoa mguu wa pili, nikakanyaga sakafu yenye maji, nikateleza kweli.

"Musawo, nyamaza! Mtoto anaanguka!" mama akampigia daktari kelele.

Daktari akageuka, akanidaka kwapani. Wodi nzima ikamgeukia mama, naye akainamisha kichwa kama anayesubiri kufukuzwa.

"Hivyo hivyo, mama," daktari akasema. "Hata nikiwa naongea."

Mama akaliweka fagio chini. Akaketi kitandani, nami mgonjwa nikampisha alale.