Nyumba Yenye Mapaa Mawili

Mama yangu hakuwahi kulala kwangu. Tangu niolewe, alikuwa akija kutoka Usenge na omena wake, dagaa wa ziwani, anakunywa chai mkoba ukiwa mapajani, jicho dirishani kutazama jua. Kwetu mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake, na sisi tulipanga chumba na sebule hapo mjini Kondele. Jua likianza kuinama, anaondoka. Mimi nabaki nikisugua sufuria kwa hasira, machozi yananitoka.

Mwishoni mwa miaka ya themanini mume wangu na wenzake wa kazini wakapata kiwanja. Wakaamua kujenga nyumba za ghorofa, za mstari, ukuta kwa ukuta. Mchora ramani akaleta mchoro wa kisasa: vyumba vya kulala juu, chumba cha wageni nyuma, na bati moja kufunika kila kitu. Wanaume wakasifu weee!

"Mama yangu atalala wapi?" nikauliza.

Mchoraji akagusa chumba cha wageni kwa kalamu. "Si hapa, Mama?"

"Chini ya bati hilo hilo? Kwani wewe huna mama mkwe, bwana?"

Mmoja wao akacheka. "Hii ni nyumba ya mji. Mambo ya boma tuyaache bomani."

"Basi mkweo alale barabarani. Mama yangu atalala hapa. Kateni hilo paa!"

Nikamweleza mchoraji: sukuma chumba nyuma, acha uwanja wazi katikati, kiwe na bati lake na mlango wake wa kichochoroni. Akalalamika kwamba naharibu nafasi, tena mvua itatunyeshea tukivuka. Inyeshe! Mume wangu akasema, "Mchoree anavyotaka." Siku hiyo nilimpenda upya.

Najivunia uwanja ule mpaka leo. Majirani wote wa mstari wetu walikuja kukata mabati yao baadaye, halafu wakajifanya ni akili zao. Ebo!

Lakini mwenye kuamua alikuwa Mama. Tulipohamia, alikuja, akasimama uwanjani, akatazama mbingu kati ya mapaa mawili. Akapapasa ukuta wa chumba kuona kama umegusana na wetu. Aliingia, akafunga mlango. Jua likainama, nami nikamngoja atoke na mkoba wake, wala sikuthubutu kumuuliza.

Asubuhi nilishuka ngazi mbio. Mama alikuwa uwanjani, amejifunga leso yangu. Gauni lake la safari lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji.

"Mama, sasa utavaa nini ukienda?"

Akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto asiyeelewa. "Nani amekwambia naenda? Leta chai."