Siku Nilipovua Shati Birikani

Nimezaliwa Morogoro, nimekulia Morogoro, na nina kila dalili ya kufia kwenye kiti changu cha kamba hapahapa Bigwa. Kwa hiyo nisisingizie ugeni. Mwezi wa sita uliopita nilivua shati na suruali nyuma ya jiwe, nikabaki na kaptula niliyoinunua enzi tumbo langu lilipokuwa bado na adabu, nikapanda juu ya jiwe mbiombio huku wajukuu wangu wawili wananitazama, nikahesabu moja, mbili, na nimeshakunja magoti niruke mtoni, ndipo nikaona kwamba mto haupo.

Chini kulikuwa na mchanga, mawe makavu, nepi ya mtoto iliyotupwa, na binti mmoja amechutama anachota maji kwa kopo kwenye kishimo kisichotosha kuogesha bata. Akainua uso. Akamwona babu mzima juu ya jiwe, mikono hewani, miguu kama ya korongo. Binti wa watu kalelewa vizuri.

"Shikamoo, babu," akasema.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu hukohuko juu. Ningefanya nini?

Ninyi mliokulia kwenye miteremko hii wakati mmoja nami, msicheke sana. Mnajua kosa langu limetoka wapi. Sheria ya pale ilikuwa moja tu: wa mwisho kuvua nguo ndiye mchunga nguo. Wenzake wanaoga, yeye anakaa kwenye majani kulinda mashati yaliyotoboka ambayo hata mwizi angeyaonea huruma. Ndiyo maana tulivulia nyuma ya jiwe, kwa pupa, vifungo vinaruka, kisha juu, kisha majini. Hakuna aliyesimama kuangalia kama maji yapo. Kwani yangekwenda wapi?

Mahali hapo tulipaita Birika. Ni pale kijito kinapotoka milimani kikiwa na hasira, kikakutana na jiwe kubwa, kikajikusanya chini yake kama kimeitwa shauri. Maji yalikuwa ya kijani, na baridi yake ilikushika kooni kabla hujazama. Ukiibuka, meno yanagongana na midomo imekuwa ya kijivu, unajilaza juu ya jiwe lenye joto kama mjusi, unasikia jua likikurudishia mgongo wako polepole. Pembeni palikuwa na mpera ambao mapera yake hayakuwahi kuiva, maana tuliyala yangali mawe. Wamama wa Kiluguru walishuka na njia ya juu, matenga ya karoti na forosadi kichwani, wakielekea sokoni, wakatukuta tuko uchi tumejipanga kama bata. "Wana wa nani hawa wasio na haya?" walituuliza, na bado mmoja wao angetuachia forosadi kidogo kwenye jani. Tulizila hadi vidole vikawa vya zambarau.

Upande wa pili palikuwa na mteremko wa majani. Tulikata gamba la mgomba, tunaliloweka, tunalikalia, mmoja anasukuma, na hapo ni wewe na Mungu wako hadi majini. Bingwa alikuwa Kondo, rafiki yangu wa damu, mwenye masikio makubwa yaliyomsaidia, tulivyoamini, kukata kona. Hatukuwa tumesikia neno "hobi". Ungetuuliza starehe zetu ni zipi tungekushangaa. Starehe ilikuwa kutoka shule na kutofika nyumbani.

Kufika nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Nenda mtoni, lakini ukifa maji huko, ukirudi hapa nakuchapa." Hatukuwahi kuthubutu kumwonyesha kasoro ya sheria hiyo. Alikuwa na kipimo kikali kuliko vya hospitali: anakuita kwa upole, anakushika mkono, anapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukibaki mstari mweupe kama chaki, umeogelea. Kondo aligundua dawa, kukimbia hadi utoke jasho, halafu kujigaragaza vumbini. Tukafika nyumbani tukiwa wachafu kuliko tulivyoondoka, na bado ukucha ukaandika. Nilichapwa, nikalia, nikala ugali na mlenda, na kesho yake nilikuwa nyuma ya jiwe navua shati.

Kitu kimoja tu kilitutoa majini bila ubishi. Mzee yeyote aliyepita akitazama juu na kusema, "Mlima umevaa kilemba!" tulitoka mbio, hata nguo tukazivalia njiani. Wingu jeupe likijizungusha kwenye kilele cha Uluguru, maana yake mvua inanyesha huko juu, na muda si muda mto utashuka na magogo. Hapa chini jua linawaka, lakini mlima umeshasema. Tulikaa mbali, juu kabisa, tukisubiri ule mngurumo. Haukuwahi kutudanganya.

Sasa mnaelewa kwa nini nilijigamba. Binti yangu Asha anaishi Dar na wanawe wawili, Salma na Iddi, na likizo zote huwa naletewa. Tangu bibi yao atangulie mbele za haki, nyumba hii ina babu, redio na saa ya ukutani, na kati ya hao watatu anayechangamka ni saa. Mwaka huu Asha alinipigia akazunguka maneno weee, mwishoni akatua: "Baba, usinielewe vibaya. Watoto wanasema kwa babu hakuna cha kufanya. Waje mara hii, lakini wakichoka tena sitawalazimisha."

Nilichomwa, nisiwafiche. Wale watoto ndio sauti pekee inayoniita kwa furaha humu ndani. Basi kila jioni nikawa nawapigia simu kuwasimulia Birika. Nikaongeza chumvi kidogo. Nikaongeza na pilipili. Iddi akauliza kama kuna samaki, nikasema kaa, tena wenye makucha. Salma, ambaye amefundishwa kuogelea kwenye bwawa la kulipia, maji ya dawa, miwani usoni na mwalimu anayepuliza filimbi, akaniuliza kina chake ni mita ngapi. Nikamwambia kina cha Birika hakipimwi. Ikawa kweli.

Asubuhi ile tulitoka na mataulo mabegani. Jirani yangu Mama Mkude, anayelima mchicha huko bondeni na kuuza mlangoni kwake, alituona.

"Heh! Mzee Shabani leo katoka nje! Mnahama?"

"Tunakwenda kuoga Birikani."

Akayatazama mataulo. Akanitazama mimi. "Birikani?"

"Ndiyo."

"Haya. Mkirudi mniambie maji yalikuwaje."

Nikadhani ni heshima.

Njiani nilishangaa kidogo. Migomba imegeuka nyumba, njia ya wamama wa karoti imewekwa geti. Lakini jiwe nilipoliona, moyo ukaruka, nikawa na miaka kumi, nikapiga kelele, "Wa mwisho mchunga nguo!" Mengine mnayajua.

Niliposhuka kutoka pale juu, na kushuka kwenyewe kulikuwa kwa makalio, Salma alikuwa amesimama na taulo lake limekunjwa vilevile. Hakucheka. Heri angecheka. Akasema kwa ile sauti ya upole wanayotumia kwa wagonjwa, "Babu, ulikuwa hapa kweli?" Iddi alikuwa anainua mawe anatafuta kaa. Aliinua moja baada ya jingine, nami nikawa namwambia jaribu lile, jaribu na lile kule, hadi nikaona aibu ya kuendelea. Akauliza, "Simu inashika mtandao hapa?" Ilishika. Mtandao ulikuwa tele. Ukiniuliza nini kimejaa Birikani siku hizi, ni huo.

Na mnisamehe vijana, najua nawasema sana. Tunawaambia mmeinamia simu, hamjui kucheza, mna shingo za kuku mgonjwa. Lakini siku ile nilitazama kila upande nikatafuta cha kuwaonyesha wajukuu ili wainue hizo shingo, nikakosa. Masika yalikuwa yametoka kupita. Juu, Uluguru ulikuwa umevaa kilemba chake, cheupe, kikubwa, kama zamani. Nikawaambia wajukuu tusogee mbali, mto unakuja. Tukasogea. Tukasubiri. Tukasubiri hadi Iddi akasema ana njaa. Mlima umesema, na hakuna kilichoshuka.

Jioni nilimpigia Kondo. Yuko Gairo siku hizi, anauza karanga, na mazungumzo yetu huwa ni sukari yake na presha yangu. Nikamweleza.

"Na jiwe lipo?" akauliza.

"Lipo."

"Afadhali," akasema, kisha akarudi kwenye sukari yake.

Watoto walitakiwa kukaa hadi likizo iishe. Hawakulalamika, tabia zao ni njema. Siku ya tatu tu mama yao akapiga simu kwamba kuna masomo ya ziada yamejitokeza. Wote tulijua hayapo. Niliwasindikiza stendi, Salma akanikumbatia muda mrefu kuliko kawaida yake, na mtoto akikukumbatia hivyo ujue haahidi kurudi. Taulo lake amelisahau. Sijalitoa kwenye kamba.

Nimerudi, nimekaa kwenye kiti changu, redio inazungumza peke yake. Sisi tulipewa mto mzima bure na tukauchezea hadi tukachapwa. Hawa wamepewa hadithi yangu, na hata hiyo nimewapa mkononi haina maji. Mama Mkude alipoleta fungu la mchicha, alinikuta katikati ya hasira. Nikammwagia yote: wameuziba huko juu, wameulima, wameunywa, wameumaliza mto wetu, na hakuna hata mmoja aliyekuja kutuambia!

Akaweka mchicha juu ya redio, akajifunga khanga vizuri, akaniambia:

"Mzee Shabani, ule mto umekauka miaka na miaka, na kutoka kwenye kiti chako mpaka pale mtu hamalizi kutafuna kipande cha muwa. Ulitaka uje ukuage humo ndani?"