Kalamu ya Nani?

Binti wa dada yangu ni mchanaji. Neno hilo ni lao vijana: kuchana ni kughani mistari juu ya biti, yaani mdundo wa mashine, na mwenye kuifanya kazi hiyo huishi kwa mdomo wake kama fundi anavyoishi kwa mikono yake. Alianza akiwa na mwenzake mmoja, kijana wa Mwanga, na kwa muda waliimba pamoja Same mjini. Kisha wakagombana juu ya nani apande jukwaani mwisho, na ugomvi ule, kama ilivyo desturi ya fani yao, ukawa bifu.

Wimbo wa kijana ulipotoka, niliusikia kwanza kwenye simu ya muuza mitumba, sokoni Same. Sikujua kwamba nami nimo, hadi kilipofika kiitikio:

*Mdomo ni wako, kalamu ya nani?*
*Mjomba kapika, wabeba sahani.*

Muuza mitumba alinitazama, akapunguza sauti. “Mwalimu, shikamoo,” akasema. “Hivi mjomba ndiye wewe?”

Nimefundisha ushairi kwa sehemu kubwa ya umri wangu. Kijana yule aliwahi kula kwetu, akaziona rafu za vitabu, akaniona nikigonga meza kwa vidole kuhesabu mizani. Hakuwa mwongo, basi. Alikuwa ameona dalili, akakata shauri. Na watu walimwamini, kwa kuwa ni rahisi kuamini kwamba mzee mwenye vitabu anamwandikia msichana mwenye sauti. Baada ya wiki chache mwenye studio aliyekuwa akimrekodi alimwambia mpwa wangu, kwa upole wa kuudhi, “Safari ijayo njoo na mwandishi wako, tuokoe muda.”

Alikuja kwangu akiwa na hasira iliyonyamaza. Nilimwambia kwamba ningeweza kumsaidia kupanga hoja za kujibu. Si kuandika, kupanga tu.

“Mjomba,” akasema, “ukinisahihishia hata nukta moja, yule atakuwa amesema kweli.”

“Utajibuje, basi? Ukitoa wimbo kesho, watasema nao nimeutunga mimi.”

“Ndiyo hiyo shida yenyewe,” akajibu, akainuka kwenda kuteka maji.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Huku kwetu Gonja, mlimani, mashamba yetu yanalishwa na ndiva, bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito usiku ili yafunguliwe mchana kwenda kwenye mifereji. Udongo ukijaa, hupigwa pembe, nasi sote tunaokunywa na kumwagilia kutoka humo tunashuka kuuzoa. Siku hizi pembe hupigwa, na ujumbe hutumwa pia kwenye kundi la simu. Asiyesikia moja atasikia jingine.

Kazi ile ina nyimbo, na nyimbo zina kanuni. Yeyote anaweza kuanza kumsema mwenziwe, mradi asimtaje jina wala asiwaguse wazazi wake. Anayesemwa hujibu kwa sauti ileile aliyosemwa nayo. Na anajibu akichimba. Anayesimamisha jembe ili afikiri amekwisha kushindwa, na atasemwa hadi tope liishe.

Kanuni hiyo nilikuwa nikiijua tangu utotoni, na haikunijia akilini kwamba ilikuwa na uhusiano wowote na bifu lililokuwa kwenye simu ya muuza mitumba.

Aliyeanza ni mama mmoja mwenye duka, mtani wa kila mtu. Alipiga jembe mara kadhaa kutafuta mwendo, akamtupia jicho mpwa wangu, kisha akakitoa kiitikio cha kijana wa Mwanga kwa sauti ya kuchimbia: *Mdomo ni wako, kalamu ya nani?* Wanawake wakakipokea wakicheka. Wengine walinigeukia mimi, kwa kuwa wakati huo nilikuwa katikati ya ndiva, mguu wangu wa kushoto umezama, nikilivuta buti la mpira ambalo tope lilikuwa limeamua kubaki nalo.

Mpwa wangu hakuinua kichwa. Jembe lake lilipanda na kushuka pamoja na mengine, nami nilidhani amekubali kusemwa. Kisha, jembe likiwa juu, alianza:

*Mdomo ni wangu, kalamu ya nini?*
*Mikono i kwenye jembe, miguu i matopeni.*
*Mjomba kule kakwama, tope limemla buti,*
*avuta kwa taratibu, avuta, halifuati;*
*aliyeshindwa na buti atanipikia nini?*

Kicheko kilichopanda kutoka ndivani kilinifikia kama maji. Mama mwenye duka alishindwa kuchimba. Akaegemea mpini wake, na kwa kanuni yetu akawa ametoka mchezoni. “Mwalimu, jitetee,” akaniambia. Nilivuta tena; mguu ukatoka, buti likabaki topeni.

Wakati uleule ukungu ulikuwa ukishuka kutoka kileleni, kama unavyoshuka siku nyingi bila ya mtu kuutazama. Ulifika ukingoni, ukawafunika waliokuwa wakipanga mawe. Mpwa wangu aliuona, na jembe halikusita:

*Ukungu huo washuka, nauimba ukishuka;*
*nani aliuandika ungali haujafika?*

Majembe yaliendelea, ila watu hawakuitikia tena, walikuwa wakisikiliza. Nami nilisimama kwa mguu mmoja wenye buti na mmoja usio nalo, nikatambua kwamba nilichokuwa nikikisoma vitabuni kikiwa kimekauka, sasa nilikiona kikitoka kikiwa kibichi. Baadaye, nyumbani, niligonga meza kuhesabu. Ukiacha mstari wa kwanza, alioufuatisha kwa mapigo ya mshindani wake, kila kipande kilikuwa na mizani nane. Yeye hakuwahi kuhesabu chochote.

Jirani mmoja alikuwa ameweka simu ukingoni ikirekodi. Jioni sauti ile ilikuwa imefika Mwanga. Mwenye studio alitaka kuondoa vishindo vya majembe ili atie biti. Mpwa wangu alikataa. “Hayo ndiyo mashahidi,” alisema, na wimbo ukatoka na matope yake.

Siku chache baadaye kijana wa Mwanga alinipigia simu.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba.”

“Sikupigii kwa shari. Naomba kuuliza kitu kimoja. Ile ya ukungu, uliisikia ikitoka?”

“Nilikuwa nimekwama hapohapo.”

“Hukumpa hata neno?”

“Mwanangu, mimi siwezi kufanya vile. Nimejaribu tangu siku ile, nikiwa peke yangu, na jembe sijashika.”



“Basi kalamu ni yake,” akasema. “Mwambie nitajibu. Simwachi. Lakini hilo la kalamu silirudii.”

Nilimpelekea mpwa wangu ujumbe huo shambani, ambako alikuwa akifungulia maji mfereji wetu. Alisikiliza hadi mwisho, akaziba upande mmoja kwa tope, maji yakageuka.

“Ajibu,” akasema. “Ila aje kuchimba kwanza.”