Damu Waliyoiona Jichoni mwa Cherop, Wakanyamaza

Saa moja asubuhi, Salgaa, kituo cha malori karibu na Nakuru. Cherop amelala chali chini ya turubai la lori. Jua ndilo taa yake: palipo na tundu, mwanga unapenya, naye anaweka alama ya chaki kabla ya kushona.

Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Siku hizi anageuza kichwa kizima kama kuku anayemtafuta mwewe, kwa sababu upande wa kushoto hauoni.

Aligundua Machi, kwa aibu. Mteja wake wa siku nyingi, dereva wa lori Kamande, alirudi na mahindi yaliyolowa.

"Mathe, umenimaliza! Hii tundu inaweza pitisha paka!"

"Nilidhani ananionea," anasimulia Cherop. "Nikaingia chini ya turubai, sikuona kitu. Akaniambia, 'Geuza kichwa, mathe.' Weh! Tundu lote hilo!"

Hospitalini Nakuru aliambiwa ni glakoma. Ugonjwa huu hula neva inayopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, polepole, bila maumivu. Kilicholiwa hakirudi.

Hadi hapo ni bahati mbaya. Yanayofuata si bahati.

Miaka mitatu iliyopita, kambi ya macho ya bure ilipiga hema papo hapo Salgaa. Hotuba zilikuwa ndefu kuliko foleni. Cherop alisoma herufi zote kwenye ubao wa kupima macho. Presha ya macho ilikuwa ya kawaida. Wakampiga picha ya ndani ya jicho, wakamwambia, "Uko sawa, mama. Mwingine!"

Baada ya Nakuru, alilifuata faili lake la kambi mara nne ndipo akapewa. Daktari Thuo wa hospitali ya Nakuru akaziweka picha mbili pamoja, ya kambi na ya hospitali. Katika ile mpya, ukingo wa neva umebonyea na mishipa ya damu imesukumwa pembeni. Katika ile ya zamani, ukingoni pale pale, kuna mchirizi mwembamba wa damu.

"Huo mchirizi ni onyo, hata presha ikiwa kawaida," anasema Thuo. "Angefuatiliwa na kuanza matone ya dawa mapema, huenda angekuwa anaona zaidi leo."

Na onyo lilionekana! Pembeni mwa picha mtu ameandika kwa wino wa bluu: "Damu. Aitwe." Namba ya simu ya Cherop imo kwenye faili hilo hilo. Haijabadilika hadi leo.

Ofisi ya kambi inajibu kwamba hakukuwa na kredo. Spika zilikodishwa. Fulana zilichapishwa. Kredo ya simu moja ikakosekana.

"Wasiniambie pole," anasema Cherop. "Pole haishoni turubai."

Sasa anaweka matone kila jioni kulinda kuona kulikobaki. Lakini glakoma hufuata damu ya ukoo, na binti yake, Cheptanui, ana miaka ishirini na sita. Naye anasoma herufi zote ubaoni, kama mama yake.

Kambi inarudi Alhamisi.

"Tutakuwa wa kwanza," anasema Cherop, akishika sindano. "Wakimpiga picha, sitoki kwa hiyo hema mpaka mtu anionyeshe neva yake kwa kidole, aniambie damu iko ama haiko. Wakisema 'mwingine', nitalala hapo mlangoni. Kulala chini nimezoea."