Watoto Niliowafundisha Kutoa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio kabla ya chaki. Mwalimu Mkuu, mzee mwembamba aliyekuwa pia mwinjilisti wa mtaa, alinipokea mlangoni mwa shule ya misheni, juu kwenye mteremko wa Mlima Meru, akaniambia nianze kwa kuondoa kinyesi cha kondoo walioingia darasani. Nilikuwa nimevaa gauni jipya nililoshonewa chuoni, na kichwani nina masomo yote ya malezi ya mtoto. Nikafagia. Ninyi vijana mnaolalamika kwamba shule zenu hazina kompyuta, lalamikeni, ni haki yenu. Mimi nawaeleza tu tulikoanzia.

Zilikuwa zama za Mwingereza. Watoto wa darasa la kwanza walikaa juu ya magogo na kuandika kwenye vibao vyeusi vya jiwe, ambavyo walivifuta kwa mate na kiwiko. Nyumbani walizungumza Kimeru, Kiswahili walikikuta shuleni, kwa hiyo hadithi ndiyo ilikuwa njia yetu ya kuwafundisha lugha, dini na tabia kwa pamoja. Mwalimu asiyejua kuhadithia alitumia fimbo. Mimi fimbo yangu ilioza pembeni ya ubao, nasema hivyo bila aibu ya kujisifu.

Desemba shule zilifungwa, lakini walimu hatukufungwa. Katika majuma ya kuisubiri Krismasi watoto walikuja kanisani asubuhi kujifunza nyimbo, na baada ya nyimbo ilikuwa zamu yangu ya hadithi. Agizo lilitoka kwa Bwana Msimamizi wa Shule, Mzungu wa misheni aliyezungukia shule zote za upande wetu kwa pikipiki. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, hilo simnyimi.

"Mwalimu," aliniambia mwaka ule wa kwanza, "watoto wa hapa wana mikono mizito. Wafundishe kutoa. Siku ya Krismasi kila mtoto alete kitu kwa ajili ya wajane na wazee wasiojiweza."

Mikono mizito! Watu waliokuwa wakimwachia jirani mkungu mzima wa ndizi kwa sababu tu amepata mgeni! Lakini nilikuwa mgeni kazini, nikaitikia, "Ndiyo, Bwana."

Kazi yenyewe niliipenda. Niwaambie ufundi wake, maana naona siku hizi umepotea. Kwanza, hadithi ya kumfundisha mtoto kutoa haina mfalme wala dhahabu. Mtoto wa kihambani, wa migombani huku, hajawahi kushika dhahabu, ataitoa wapi? Weka ndani kibuyu cha maziwa, weka yai, weka mbuzi. Pili, usimalizie kwa mawaidha. Ukisema "basi nanyi mfanye vivyo hivyo," umekwisha, watoto wanaanza kukuna miguu. Tatu, na hili ndilo kubwa, kuna kukatiza. Hadithi unaifikisha pale inapochemka, halafu unafunga mdomo na kuwaambia waende nyumbani. Mtoto anaondoka nayo, anakula nayo loshoro yake ya mahindi na maziwa ya mgando, analala nayo. Kesho anarudi akiwa amekwisha kuamua mwenyewe la kufanya.

Hadithi yangu iliyojulikana mteremko mzima, niliyoitoa Desemba yangu ya pili, ilikuwa ya mama mmoja mwenye mbuzi mmoja. Mvua za baridi zimeshika, na mlangoni pake anafika mwanamke asiyemjua, ana kichanga mgongoni na titi limekauka. Mama anamkamulia mbuzi. Kesho yake mgeni anataka kuendelea na safari, na kichanga bado kinalia. Mama anatazama mbuzi, anatazama mtoto wake mwenyewe. Hapo nikakatiza. Watoto walipiga kelele hadi Mwalimu Mkuu akachungulia dirishani kuona kumetokea nini.

Aliyekuwa mbele ya wote kwa kelele ni Eliamani. Alikuwa msichana wa darasa la pili, mwenye akili kuliko wote niliopata kuwafundisha kabla yake na baada yake. Alisoma maneno yaliyo ubaoni kabla sijamaliza kuyaandika. Wasichana shuleni walikuwa wa kuhesabika, na baba yake alikuwa amemleta baada ya mimi kwenda kwake mara nyingi kumbembeleza. Nilikuwa nimekwisha kumsemea kwa Bibi Mkuu wa shule ya bweni ya wasichana, aje apokelewe akimaliza kwetu. Nilimtaka awe mwalimu.

"Mwalimu, alimpa?" aliniuliza nje, ameshika gauni langu. "Mama yule alimpa mbuzi?"

"Wewe ungefanyaje?"

Akaliachia gauni, akakimbia.

Siku ya Krismasi watoto wakaingia kanisani kwa mstari, na kila mmoja akaweka alichonacho mbele ya madhabahu. Mayai, ndizi, mahindi, kibuyu cha maziwa ya mgando. Mwisho akaja Eliamani akivuta mbuzi mdogo mweupe kwa kamba ya mgomba. Kanisa zima likaguna. Mama mmoja akapiga kigelegele. Bwana Msimamizi alishuka akamwekea mtoto mkono kichwani, na Eliamani alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijaona tena uso kama ule.

Nikamtazama baba yake. Alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na mama yake amejifunika mdomo kwa kanga.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la watu wa mlima, maana msipolijua hamtaelewa. Kwetu mtu mwenye mifugo mingi alimpa mwenzake asiye na kitu mbuzi au ng'ombe amfugie. Mfugaji anakata majani, anamlisha mnyama humo ndani ya nyumba, anakunywa maziwa na kuitia mbolea migomba yake. Mtoto wa kwanza wa mnyama ni wa mwenye mali, wa pili ni wa mfugaji. Ni utaratibu mzuri, umezilea nyumba nyingi. Lakini ulikuwa wa siri. Hakuna aliyesema mbele ya watoto kwamba mnyama huyu si wetu, maana ni kuivua nyumba nguo. Kwa hiyo mtoto anakua akijua kwamba mbuzi aliyefungwa karibu na kitanda chake ni mbuzi wao. Anamkatia majani kila siku, anampa jina. Angejuaje?

Yule mweupe alikuwa uzao wa kwanza. Alikuwa wa mjomba wa Eliamani, mwenye mbuzi mama.

Kesho yake baba mtu alinijia nyumbani. Hakutaka hata kukaa.

"Mwalimu, sikuja kugomba. Mtoto amefanya jambo jema, nami siwezi kusimama kanisani niseme hali ya nyumba yangu. Lakini shemeji yangu akija asimkute mbuzi wake, atamchukua na yule mbuzi mama tunayemkamua. Maziwa yale ndiyo anayokunywa mdogo wake Eliamani, yule asiyetembea bado. Nisaidie arudi kimyakimya. Nitaleta ndizi badala yake, nitaleta chochote."

Niliteremka mbio hadi nyumba ya misheni. Uani nilimkuta mpishi akiosha visu. Nilipomwuliza mbuzi mweupe yuko wapi, aliangalia chini.

"Mwalimu, umechelewa, na shikamoo ya kuchelewa haina mwenyewe. Mbuzi amekwenda pamoja na kikapu cha mayai kwa setla, yule Mzungu wa shamba la kahawa. Bwana amealikwa chakula huko leo."

Sikuelewa. "Na vya wajane?"

"Ndizi zipo. Mahindi yapo."

Bwana Msimamizi alitoka akifunga tai. Nilimweleza yote, hata siri ya ile nyumba nikaifungua, kwa sababu mtoto mchanga alikuwa anahitaji maziwa. Alinisikiliza kwa utulivu, lazima niseme, wala hakupandisha sauti.

"Mwalimu, yule jirani yetu ametupa mbao za paa la kanisa. Hatuwezi kwenda kwake mikono mitupu."

"Lakini Bwana, watoto waliambiwa ni vya wajane."

"Zawadi ikishatolewa ni mali ya aliyepokea. Je, mama wa hadithi yako angemfuata mgeni njiani kumdai mbuzi?"

Nimezeeka, nimesahau majina ya watu niliokula nao, lakini maneno hayo nayasikia kama yalivyotamkwa. Hadithi yangu mwenyewe alinichapa nayo. Kisha akavaa kofia na kwenda kula.

Mjomba alikuja kabla mwaka haujageuka. Alimfungua mbuzi mama na kuondoka naye, na njiani akawaambia watu sababu, siri yote ikamwagika kwa nyumba zote zilizochota maji ya mfereji wetu. Mdogo wake Eliamani hakufa, namshukuru Mungu, ila alikonda na kuchelewa sana kutembea. Baba mtu, kwa aibu, aliapa kumlipa shemeji yake mbuzi kwa mbuzi. Shule zilipofunguliwa, gogo alilokalia Eliamani lilikuwa na nafasi. Alikuwa amepelekwa kuchuma kahawa. Kwa nani? Kwa setla yule yule aliyemla mbuzi.

Nilimwendea baba yake tena, nikambembeleza tena. Alinijibu kwa heshima yote.

"Mwalimu, kwako amekwisha kujifunza vya kutosha."

Sikumkasirikia. Hasira yangu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa akipita kwa pikipiki akinipungia mkono.

Desemba iliyofuata akanijia na uso wa furaha. "Mwalimu, ile hadithi ya mbuzi iligusa mioyo sana. Irudie mwaka huu."

"Nitairudia, Bwana, kama vitakavyoletwa vitagawiwa pale pale mlangoni pa kanisa, mbele ya watoto, na wajane wenyewe wawepo."

"Huniamini?"

"Hapana, Bwana."

Mwalimu Mkuu aliyekuwa kando yetu alikohoa hadi nikadhani atazimia. Katika zama zile mwalimu mweusi, tena mwanamke, hakumwambia Msimamizi neno kama hilo. Kabla ya Krismasi nilikuwa nimehamishiwa upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, ambako sikujua neno hata moja la Kimaa. Walidhani wananiadhibu. Watu wale walinipokea vizuri, nikajifunza lugha yao kwa watoto wao, na nikafundisha kule miaka mingi. Baadaye nikaletwa mjini Arusha, shule ya karibu na Kijenge, chini ya Mkaguzi wa Elimu aliyependa vidaftari visafi kuliko watoto. Huko nako niliombwa hadithi za Desemba. Nilihadithia sungura, nilihadithia nyota. Hadithi ya kutoa sikuigusa tena, na aliyeniuliza kwa nini nilimjibu vibaya.

Bendera ya Mwingereza ikashuka, nami nikaendelea na chaki mpaka magoti yakakataa. Siku ya kustaafu walinipa kitenge na hotuba. Msemaji alisema nimewalea watoto wa mlima huu katika ukarimu. Nilipiga makofi na wengine, ningefanya nini?

Eliamani nilimwona tena mimi nikiwa mstaafu, sokoni Levolosi, akiuza ndizi. Alinitambua yeye. Aliinuka haraka na kusema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti ile ile ya darasa la pili, nami nikakaa kwenye gunia lake. Tulizungumza habari za watoto na wajukuu. Mwishowe sikuweza kujizuia, nikamwambia kwamba sikumsahau, na kwamba wale watu walimnyang'anya shule.

"Shule nilishazoea kuikosa," alisema. Alikuwa akizipanga ndizi upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Unajua Mwalimu, asubuhi ile nilipomvuta yule mbuzi, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena. Si siku ya harusi, wala nilipojifungua. Nilidhani nimekiokoa kichanga cha yule mgeni."

"Eliamani, mama yangu."

"Wajukuu wangu nawaambia watoe, na wanatoa. Mimi pia natoa, kanisani, msibani, sijawahi kukunja mkono. Lakini kila ninapotoa namtazama anayepokea mikononi, namfuata kwa macho mpaka anapotelea. Furaha haiji, Mwalimu."

Akachukua kichane kizuri kuliko vyote, akaniwekea mapajani. Halafu akabaki amesimama, akiitazama mikono yangu.