Uso wa Mama Yake Veronika

Anyosisye, fundi picha wa Bondeni mjini Kyela, alikuwa mbishi kupindukia. Miaka ile ya soko huria wenzake walikimbilia redio na mitumba; yeye akaleta kompyuta, akajifundisha kuandika programu kwa kitabu kisicho na jalada. Programu yake ilifufua picha zilizofifia, na jamani, ilifanya kazi! Kila picha ya pasipoti ilitoka safi, bwana mkubwa akawa anatembea kifua mbele.

Asubuhi moja mwaka 1999 akaingia Veronika, muuza mchele, macho makavu. Mama yake alikuwa amefia Karonga, ng'ambo ya mpaka, na habari ilifika ameshazikwa. Saa nane ndugu wangekusanyika Ndandalo kuomboleza, bila mwili, bila kaburi. Mkononi alikuwa na picha moja tu ya kwaya, imefifia vibaya.

"Kumzika nimemkosa, kaka. Nisimkose na uso."

Anyosisye akaiingiza picha kwenye kompyuta, akaukata ule uso, akaita programu yake. Lo! Mama wa watu akatoka amepinda upande, kila mstari umesogea kuliko wa kabla yake, kama matofali yaliyopangwa na mlevi. Aibu ilimpata Anyosisye, acha tu.

Akapunguza upana kutoka nukta 203 hadi 200. Uso ukasimama, lakini sikio moja likabaki nje.

"Mama yangu alikuwa na masikio mawili," Veronika alisema, wala hakuwa anatania.

Sasa mbona 200 inakubali na 203 inakataa? Akatengeneza kipicha cha nukta tano tu kwa mstari. Kila nukta ina baiti tatu: nyekundu, kijani na bluu. Kwa hiyo mstari ni baiti kumi na tano. Akahesabu ndani ya faili, akakuta kumi na sita! Kumbe faili huongeza baiti tupu mpaka mstari ugawanyike kwa nne, na yeye, mjuaji wetu, alikuwa ametenga kumbukumbu ya rangi peke yake. Picha za pasipoti zilimsitiri muda wote kwa kuwa zote zilikuwa na upana wa nukta 200, yaani baiti 600, na 600 inagawanyika kwa nne. Uso huu ulitaka baiti 612 kila mstari, yeye katenga 609. Tatu zilizobaki zikawa zinausukuma mstari unaofuata.

Angeweza kuongeza nukta moja pembeni yakaisha. Hakutaka kubahatisha tena, na msiba wa mtu. Akatenga 612, akaiamuru programu iziruke zile tupu wakati wa kuchapa. Printa ikakoroma, mama akatoka wima, masikio yote mawili.

"Ndaga, kaka," Veronika alishukuru, sauti haisikiki.

Akampakia kwenye baiskeli hadi Ndandalo. Waombolezaji walikuwa mikekani wakinong'ona, hawajui waanzie wapi kulia. Veronika akaisimamisha picha kwenye kiti, akapiga magoti mbele yake.

"Mama," akasema, "nimechelewa."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na nyumba nzima ikalia naye. Anyosisye, aliyekuja kuleta picha tu, alilia mpaka akakalishwa chini.